Ada Imefutwa, Masafa Hayajafutwa

Kila mwezi wa Januari, skuli zinapofunguliwa, huzuka swali moja katika nyumba za wakulima na wavuvi wa nchi yetu: ni nani atakayekwenda skuli mwaka huu, na ni nani atakayebaki nyumbani? Zamani swali hilo lilijibiwa na daftari la ada mezani kwa karani wa skuli. Leo daftari hilo limefungwa. Ada imefutwa, na jambo hilo ni heshima kubwa kwa Taifa. Hata hivyo swali lenyewe halikuondoka, na wanaolijibu kwa uchungu kuliko wengine ni wananchi wa mikoa ya pembezoni. Leo tungependa kuuzungumzia mmoja wa mikoa hiyo, nao ni Katavi, wenye makao yake makuu Mpanda.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza: Mpanda yatuhusu nini? Sisi kwetu ni bahari na mikarafuu. Wao kwao ni misitu ya miombo, tumbaku na ng'ombe. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Kila upande una Wizara yake. Lakini elimu ya juu na Baraza la Mitihani ni mambo ya Muungano. Ndiyo kusema mtoto wa Micheweni na mtoto wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hukaa katika mtihani mmoja wa Kidato cha Nne, hupimwa kwa mizani moja, na baadaye hubisha hodi katika milango ile ile ya vyuo vikuu. Mizani ikiwa moja, haki yataka tutazame pia njia aliyopita kila mmoja mpaka kuifikia. Tena, kama tutakavyoonyesha, mengi yanayomsibu mtoto wa Katavi si mageni kwa mtoto wa Kojani au wa Tumbatu.

Mkoa wenyewe

Msomaji asiyewahi kufika huko hana budi kwanza kupewa picha ya mahali. Mkoa wa Katavi una kilomita za mraba 45,843. Unguja na Pemba kwa pamoja hazifiki kilomita za mraba 3,000. Hifadhi ya Taifa ya Katavi peke yake ina kilomita za mraba 4,471, yaani viboko na nyati wa huko wana nafasi kubwa kuliko visiwa vyetu vyote viwili. Katika nchi hiyo pana, Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa ulipozaliwa kwa kumegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Visiwani, katika Sensa hiyo hiyo, tulikuwa watu 1,889,773.

Takwimu hizo zina mambo mawili ambayo kila ofisa wa elimu na wa fedha yampasa ayatie moyoni. La kwanza ni kuwa watu wa Katavi wametawanyika, na kwa hiyo skuli zao ziko mbalimbali. La pili ni kuwa katika muda wa miaka 10 mkoa huo umeongezeka watu zaidi ya mara mbili. Taifa zima liliongezeka kwa kiasi cha asilimia 3.2 kwa mwaka. Katavi iliongezeka kwa asilimia 7 na ushei. Waliohamia ni wafugaji wanaofuata malisho, wakulima wanaotafuta mashamba, na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hawa hawakuja peke yao, walikuja na watoto. Ng'ombe huhamishwa kwa fimbo, skuli haihamishiki. Kijiji hufumka mwituni leo, na darasa la kwanza la matofali hulifuata baada ya miaka.

Ziko pia Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Watoto na wajukuu wa wakimbizi wale wamezaliwa hapa na kusoma hapa. Serikali iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani ya Katavi na Tabora, na vyeti vyao vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Ni tendo la utu ambalo mataifa mengi tajiri hayajathubutu kulifanya. Lakini raia mpya ni mtoto mpya wa skuli, na haki yake ni ile ile ya raia wa zamani.

Tulikotoka

Historia ya elimu yetu ina mafunzo, na si vizuri kuizungumzia sera ya leo kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakoloni hawakuijenga ili kuwapeleka watoto skuli. Waliijenga wachukue madini ya risasi ya Uruwira. Machimbo yale yalifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na baada ya Uhuru ikapata kazi ambayo walioijenga hawakuikusudia. Kijana wa Mpanda aliyechaguliwa kwenda sekondari alipanda garimoshi akiwa na waranti ya Serikali mfukoni, akashuka Tabora au mbali zaidi, akala, akalala na kusoma kwa gharama ya umma. Waliobahatika walikuwa wachache sana. Lakini kwa wachache hao Serikali ililipa ada, ikalipa na njia. Hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Visiwani, tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure kwa watoto wote. Bara, ada za sekondari ziliondolewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Ada za skuli za msingi zikafutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha mambo. Na mwaka 1977 ikaanza Elimu ya Msingi kwa Wote. Nafasi za sekondari za Serikali zilikuwa haba, zikagawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyotangulia kupata misheni na skuli isizichukue zote.

Kisha uchumi ukadidimia. Katikati ya miaka ya 1980 ada za sekondari zikarudishwa, na miaka ya 1990 ikawa ndiyo miaka ya kuchangia gharama, Bara na Visiwani. Skuli za msingi za Bara, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikaribia kuwapokea watoto wote, zikapoteza wengi. Mwaka 2001 Serikali ikazifuta tena ada za msingi, na chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi milioni 7 mwaka 2004. Zikafuata sekondari za kata. Mwishoni mwa mwaka 2015 ukatolewa Waraka wa Elimu Namba 5, na tangu Januari 2016 mtoto wa Bara hulipiwa ada mpaka Kidato cha Nne. Tangu Julai 2022 mpaka Kidato cha Sita. Visiwani nako michango ya wazazi katika skuli za msingi ilifutwa mwaka 2015.

Funzo la historia hiyo ni wazi. Kila ada ilipofutwa, watoto walimiminika; kila iliporudishwa, watoto wa masikini ndio waliotoka kwanza. Anayetaka kutuambia kwamba mzazi masikini haipendi elimu, na atazame namna mzazi huyo alivyouitikia mlango kila ulipofunguliwa. Kwa hiyo sisi hatusemi kwamba sera ya elimu bila ada imekosea. Twasema kwamba haijamaliza kazi yake.

Hesabu ya shilingi 6,000

Tuingie sasa katika hesabu, kwa kuwa sera yoyote ya elimu hatimaye ni hesabu.

Chini ya MMEM, mwaka 2002, iliamuliwa kila mwanafunzi wa skuli ya msingi atengewe ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, kiwango kilichotumika kilikuwa shilingi zile zile 10,000. Kati ya hizo, 4,000 huzuiwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazopelekwa skulini. Kwa sekondari kiwango kilikuwa shilingi 25,000, nusu yake vitabu na nusu skulini, pamoja na fidia ya ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Dola 10 za leo ni zaidi ya shilingi 24,000. Ndiyo kusema kima kilichopangwa na wenye hekima wa mwaka 2002 kimeliwa na bei, ingawa hakuna aliyekipunguza kwa kalamu.

Jambo moja zuri lazima lisifiwe. Kabla ya mwaka 2016 ruzuku ilifika skulini pungufu na kwa kuchelewa, ikipitia mikono mingi. Tangu wakati huo Hazina huzipeleka fedha moja kwa moja katika akaunti ya skuli, kila mwezi. Hayo ni mageuzi ya kweli, na mwalimu mkuu yeyote mkweli atayashuhudia.

Lakini hebu tugawe. Skuli ya mjini Mpanda yenye wanafunzi 1,000 itapata shilingi 6,000,000 kwa mwaka, yaani 500,000 kwa mwezi. Skuli changa ya kijiji cha mbali, au kile wanachokiita Bara kituo shikizi, yenye wanafunzi 120, itapata 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Kwa shilingi hizo 60,000 anunue chaki, karatasi za mitihani, kufuli la mlango, bati lililong'olewa na upepo, na nauli ya mwalimu ya kwenda mjini kufuata barua. Chaki ya kijijini haina bei nafuu kwa kuwa wanafunzi ni wachache. Bali ina bei ya juu, kwa kuwa imetoka mbali. Mgawo unaohesabu vichwa tu huonekana sawa kwenye karatasi, lakini huinyima skuli ndogo ya mbali ile ile inayohitaji zaidi. Wasomaji wetu wa Kokota, Fundo na Makoongwe hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wao wanajua kikapu cha bidhaa hupanda bei kiasi gani kinapovuka maji.

Kadhalika kuna wakati. Mgawo huandamana na idadi ya wanafunzi iliyokusanywa na kupelekwa juu. Mahali ambapo watu huongezeka kwa asilimia 7 kwa mwaka, idadi iliyoandikwa jana ni pungufu leo. Mwalimu hugawa chakula cha wageni 10 kwa wageni 11, na mwakani kwa 12.

Yasiyolipiwa na Serikali

Waraka wa Serikali uliweka wazi kuwa sare, madaftari, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi. Hatuoni kosa katika kanuni hiyo. Mtoto ni wa mzazi kabla ya kuwa wa Taifa. Taabu ni kuwa wazazi hawalingani. Mzazi mwenye mshahara hununua jozi mbili za sare siku moja. Mkulima wa Mpanda hupata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya soko la tumbaku au mavuno ya mpunga, nazo huja baada ya skuli kufunguliwa kwa miezi mingi. Januari ghala lake linapungua na jembe liko shambani. Sisi Visiwani twayafahamu hayo: katika msimu wa karafuu mkono wa mtoto huhesabiwa miongoni mwa mikono ya kazi, na wavuvi wa Kojani wanapokwenda dago, baadhi ya watoto hufuata jahazi badala ya kengele ya skuli. Katavi mtoto hufuata ng'ombe, au hubaki kuchuma majani ya tumbaku. Sababu ni moja.

Sasa tuchukue mfano, usio wa mtu fulani bali wa hali. Binti wa miaka 14 amefaulu kwenda sekondari ya kata, iliyo kilomita 12 kutoka kwao. Kwenda na kurudi ni kilomita 24. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukizidisha, binti huyo atatembea zaidi ya kilomita 4,600 kwa mwaka, takriban sawa na kutoka Mpanda mpaka Dar es Salaam kwa reli na kurudi, kisha kwenda tena na kurudi tena. Atafika darasani amechoka na tumbo tupu, na atarudi nyumbani giza likiwa limekwisha ingia.

Mzazi mwenye huruma hutafuta njia ya pili: humpangia binti chumba karibu na skuli, akae peke yake au na wenzake, ajipikie. Kodi ya chumba hicho haimo katika waraka wowote. Humo hakuna mlezi wala mlinzi. Asiye na kuni, asiye na mafuta ya taa, asiye na unga, hupata msaada kwa mtu asiyefaa kumsaidia. Uchunguzi wa afya wa Taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Kwa Taifa zima walikuwa 27. Mkoa huo ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko yote nchini. Wapo wanaolitaja jambo hilo kwa kuwalaumu mabinti. Sisi tunauliza: ni nani aliyewaweka mabinti hao katika vyumba hivyo? Kwa miaka mingi, Bara, msichana aliyepata mimba alifukuzwa skuli, na tangu Novemba 2021 ameruhusiwa kurudi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini kumrudisha aliyeanguka ni kazi ya pili; ya kwanza ni kuondoa shimo njiani.

Ngazi na kipande chake cha juu

Hapa tunafika kwenye elimu ya juu, ambayo ni ya Muungano na inatugusa sote. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Visiwani tunayo pia Bodi yetu. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwalemea wadaiwa, na katika mwaka wa masomo wa 2023/24 mikopo ikafunguliwa kwa baadhi ya kozi za stashahada. Yote hayo ni mema.

Walakini tujiulize: ni nani afikaye kwenye dirisha la Bodi? Mkopo humkuta kijana aliyekwisha kuvuka Kidato cha Sita. Binti wetu wa kilomita 12, akiwa ameacha skuli katika Kidato cha Pili, hana habari na mkopo. Mtoto wa mwenye uwezo, aliyesomeshwa katika skuli nzuri ya kulipia, yumo katika foleni. Kila shilingi ya umma inayotumika chuoni humfikia aliyebaki njiani mpaka mwisho, na aliyebaki mara nyingi si yule aliye masikini kuliko wote. Hatusemi mikopo ipunguzwe. Vijana wengi wa wakulima wamekuwa madaktari na wahandisi kwa mikopo hiyo. Twasema kuwa ngazi haipandiki ikiwa kipande cha juu kimepakwa rangi na vipande vya chini vimeoza.

Hata yule mmoja wa kijijini atakayefika huko huulizwa mambo ambayo ni mepesi mjini. Maombi hufanywa kwa intaneti. Cheti cha kuzaliwa lazima kithibitishwe. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, mwituni, mbali na zahanati, au katika makazi ambayo wazee wake walingoja miongo kupata uraia, huianza safari ya cheti siku wenzake wanapoimaliza.

Tunayopendekeza

Tunajua yatakayosemwa na wakubwa wa Hazina: fungu ni dogo, na mahitaji ni mengi. Ni kweli. Tunajua pia watakalolisema baadhi ya wananchi: kwamba kuipa Katavi zaidi ni upendeleo. Hilo si kweli. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 11, inaitaka Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate nafasi sawa na za kutosha za elimu. Imetaja nafasi sawa. Haikutaja mgawo sawa. Daktari anayewapa wagonjwa wote kidonge kimoja hawatendei haki.

Kwa hiyo, kwa heshima, tunayaweka mbele ya Serikali zetu mbili mambo matano.

La kwanza, ruzuku ya skuli iwe na sehemu mbili: kima cha chini ambacho kila skuli itapata kwa kuwa ni skuli, hata ikiwa na wanafunzi 80, na juu yake fedha za kila kichwa. Jambo hili halihitaji fungu jipya kubwa. Lahitaji kanuni mpya ya kugawa. Nalo litavifaa visiwa vidogo kama litakavyovifaa vijiji vya Mlele na Mpimbwe.

La pili, kiwango kipitiwe kila mwaka kwa kufuata bei, kama yanavyopitiwa mafungu mengine. Kiwango kisichoguswa ni kiwango kinachopunguzwa kimyakimya.

La tatu, na ndilo la haraka kuliko yote, ni mabweni, au dahalia kama tuziitavyo Visiwani. Kwa sera ya elimu ya Bara iliyozinduliwa Februari 2025, elimu ya lazima ni miaka 10 na skuli ya msingi ni miaka 6. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 na mtaala mpya watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia wanamaliza Darasa la Saba. Makundi mawili yatabisha hodi kwa pamoja katika Kidato cha Kwanza, Januari 2028. Mahali penye sekondari karibu, msongamano huo ni taabu ya madawati. Katavi ni taabu ya masafa, kwa kuwa vyumba vya kupanga navyo vitagombaniwa. Mwaka 2021 Serikali ilithibitisha uwezo wake, ilipojenga katika muda mfupi madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi kwa fedha za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19. Safari hii, katika mikoa yenye watu waliotawanyika, kila fungu la madarasa lifuatane na fungu la mabweni ya wasichana, na fungu la mlezi atakayekaa nao. Bweni bila mlezi ni chumba cha kupanga kilichojengwa na Serikali.

La nne ni chakula. Katavi ni nchi ya mahindi na mpunga; haina njaa, ina utaratibu uliopungua. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao. Sehemu yake, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa ajili ya uji wa mchana katika skuli zilizo mbali, na wazazi watoe mazao wakati wa mavuno badala ya fedha wakati wa Januari. Aidha kaya zilizomo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini zisiulizwe mchango wowote. Serikali imekwisha kuzitambua, haina haja ya kuzitafuta mara ya pili.

La tano, skuli iwe ndiyo dirisha la vyeti na la mikopo. Ofisa wa uandikishaji azifuate skuli za mbali, aandike watoto wakiwa Darasa la Kwanza, wala tusingoje mpaka kijana wa miaka 19 aanze kumtafuta mkunga aliyemzalisha mama yake.

Tumalizie tulipoanzia. Kijana wa Mpanda wa miaka ya 1960 aliyepewa waranti ya garimoshi hakuonewa huruma. Taifa changa, lililokuwa masikini kuliko la leo, lilitambua kwamba ukimlipia mtu ada usimlipie njia, hujampeleka mahali. Wale walikuwa makumi. Hawa ni malaki, na hatuna udanganyifu juu ya ukubwa wa mzigo. Lakini tumewaita sisi wenyewe. Tulifungua mlango mwaka 1964, mwaka 1977, mwaka 2001 na mwaka 2016, na kila mara wazazi walitusadiki.

Ndugu zetu wa Visiwani, tusiuone mjadala huu kuwa wa Bara. Mtoto anayevuka maji kwenda skuli na mtoto anayevuka mwitu kwenda skuli ni abiria wa chombo kimoja. Na ninyi mlio katika ofisi za Dodoma, za Unguja na za Mpanda, mlioshika kalamu za mgawo: Januari 2028 ina tarehe yake na haitangoja. Matofali ya bweni hufyatuliwa wakati wa kiangazi, na viangazi vilivyobaki vinahesabika.